Chanjo Ije Kabla ya Figo

Machi 2021, mjadala wa chanjo ya Uviko-19 ukiwa bado wa moto huku kwetu, madaktari wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore nchini Marekani, walichapisha ripoti fupi iliyowanyima usingizi wenzao wa vitengo vya upandikizaji. Walikuwa wamepima damu ya watu 436 wanaoishi na viungo vya kupandikizwa: figo, ini, moyo, mapafu. Wote walikuwa wamechoma dozi ya kwanza ya chanjo za mRNA. Waliokutwa na kingamwili walikuwa 76, yaani asilimia 17. Kwa watu wenye afya, dozi hiyohiyo ilikuwa inazaa kingamwili karibu kwa kila aliyechomwa.

Labda ya pili itasaidia, walisema. Mwezi Mei wakarudi na majibu ya watu 658 waliokamilisha dozi zote mbili. Safari hii asilimia 54 walikuwa na kingamwili. Wengine 301, karibu nusu, damu yao ilikuwa tupu vilevile. Na huenda baadhi yao walishaanza kutembea mitaani wakiamini wamekingwa, bila kujua kwamba majaribio makubwa ya chanjo yaliyotangazwa mwishoni mwa 2020 kwa mbwembwe za asilimia 95 yaliwaacha nje watu wanaotumia dawa za kushusha kinga. Kadi ya chanjo haikuwaambia hilo.

Aliyezisoma namba hizo harakaharaka angesema chanjo ni mbovu. Ilikuwa nzima. Dawa wanazomeza watu hawa ndizo zilizokuwa zinafanya kazi yake barabara, na kazi yake ni kuuzuia mwili usimshambulie mgeni. Dawa hizo haziwezi kupambanua mgeni aliyekaribishwa na mgeni mvamizi.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, ule wa Boston wa tarehe 23 Desemba 1954, haukuhitaji dawa hizi kabisa. Daktari Joseph Murray alimpandikizia Richard Herrick figo ya Ronald, pacha wake wa kufanana, na mwili wa Richard haukuona tofauti. Ila mapacha wa aina hiyo ni wachache. Sisi wengine tulisubiri dawa, na nyingine zilitoka mahali ambapo hakuna mtu angepafikiria: siklosporini ilitokana na fangasi wa kwenye udongo wa Norway, na takrolimasi ikatokana na bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, waliogunduliwa mwaka 1984. Udongo huo ndio uliogeuza upandikizaji kutoka jaribio la kishujaa kuwa tiba ya kila siku.

Leo mgonjwa wa kawaida aliyepandikizwa figo hutoka hospitali na dawa tatu. Takrolimasi, kwa kawaida saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila kuchelewa. Mikofenoleti, nayo mara mbili. Na prednisoloni, ile inayojaza mashavu. Huzimeza mwaka baada ya mwaka, maadamu figo ingali inafanya kazi.

Kila moja ina mlango wake inaoufunga. Takrolimasi huizuia seli T, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, isitoe ishara ya kuwaamsha wenzake. Mikofenoleti huzuia utengenezaji wa malighafi ambayo seli huihitaji ili ijigawe. Seli nyingi mwilini zikikosa malighafi hiyo huokota mabaki yaliyotumika zikayatumia tena. Chembe nyeupe zinazotengeneza kinga ni kama mama lishe anayepika chapati kwa unga anaousaga mwenyewe tu: kinu kikisimama, hana duka la kukimbilia, na chapati hakuna. Prednisoloni inatuliza kila kitu kwa jumla.

Sasa itazame chanjo inavyofanya kazi. Sindano inaingia begani, vipande vya kirusi vinachukuliwa hadi kwenye tezi za kwapani, pale unapohisi uvimbe siku ya pili. Humo ndani seli T inabidi imtambue mgeni na kuipa seli B idhini. Seli B ikishapata idhini inabidi izaliane upesi na kwa wingi, kila kizazi kikiboresha shabaha yake, mpaka zipatikane chache zinazotoa kingamwili kali. Idhini imefungwa na takrolimasi. Kuzaliana kumefungwa na mikofenoleti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watafiti wa Pennsylvania walichoma sindano nyembamba kwenye tezi za kwapani za watu waliopandikizwa figo, siku chache baada ya chanjo, wakalinganisha na watu wenye afya. Vile vituo vidogo ambamo seli B hufunzwa, vilivyokuwa vimechangamka kwa watu wenye afya, kwa wagonjwa vilikuwa dhaifu mno.

Ndiyo maana katika ripoti ya Johns Hopkins waliofanya vibaya zaidi walikuwa wale wanaotumia mikofenoleti na dawa za jamii yake. Tafiti nyingine zikaongeza: wanaotumia belatasepti, dawa ya kudungwa mshipani, huitikia kidogo zaidi. Waliopandikizwa karibuni huitikia kidogo kuliko waliokaa na figo miaka mingi, kwa kuwa miezi ya mwanzo dozi huwa juu.

Wafaransa hawakusubiri. Aprili 2021 walishaanza kupendekeza dozi ya tatu kwa waliopandikizwa viungo, na hospitali ya Toulouse ikawafuatilia wagonjwa 101. Kabla ya dozi ya pili, asilimia 4 walikuwa na kingamwili. Kabla ya tatu, asilimia 40. Wiki nne baada ya tatu, asilimia 68. Toronto nao waliwagawa wagonjwa 120 kwa kura, nusu wakapewa chanjo ya tatu na nusu maji ya chumvi, wakaona vilevile kwamba ya tatu inainua watu wengi. Agosti 2021 Marekani ikaruhusu, na Oktoba mwaka huohuo washauri wa Shirika la Afya Duniani wakasema mtu mwenye kinga iliyoshushwa ahesabiwe kuwa hajakamilisha chanjo mpaka apate dozi ya ziada.

Somo la kwanza, basi, ni ukaidi: rudia, pima, rudia. Lakini hata Toulouse, baada ya sindano tatu, watu watatu kati ya kila kumi walibaki bila kitu. Na Uviko-19 ni ugonjwa wa kutisha kwa watu hawa. Katika miezi ya mwanzo ya janga, utafiti uliokusanya wagonjwa kutoka vituo vingi vya Marekani uliona kwamba kati ya waliopandikizwa viungo wakalazwa kwa Uviko-19, mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku 28.

Hapo likaja wazo linaloonekana la maana kabisa: kwa nini mgonjwa asiache mikofenoleti kidogo, chanjo ikafanya kazi, kisha arudi kwenye dawa? Waholanzi walilijaribu kisawasawa. Kundi moja liliacha mikofenoleti wiki moja kabla ya chanjo na wiki moja baada yake, jingine likaendelea kumeza. Hawakupata tofauti ya kutegemewa. Wapo waliopata matumaini zaidi kwa kuacha kwa muda mrefu, lakini hayo yalifanyika kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa na kupimwa damu mara kwa mara. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wazo hilo hufika mitaani likiwa limevuliwa tahadhari zake zote. Anayeacha dawa nyumbani kwa uamuzi wake anaweza kuipoteza figo ndani ya wiki chache, na figo ikishakataliwa hairudi kwa kuomba radhi.

La pili linalofika mitaani ni kinyume chake. Tangu enzi za kujifukiza nyungu, kila kona kuna anayeuza dawa ya kuongeza kinga: unga, mafuta, vidonge vya mitishamba, juisi za kijani. Kwa aliyepandikizwa figo, kuongeza kinga ndicho kitu asichokitaka. Mitishamba mingine huvuruga kiwango cha takrolimasi katika damu, na hata balungi, tunda lisilo na hatia, huipandisha dawa hiyo hadi kuwa sumu kwa figo ileile inayolindwa. Jirani anayekuletea chupa ana nia njema. Mshukuru, ukaipeleke kwanza kwa daktari wako.

Tuje kwetu. Tanzania ilizindua chanjo ya Uviko-19 tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichomwa mbele ya kamera, na shehena ya kwanza ilikuwa dozi zaidi ya milioni moja za Janssen, chanjo ya sindano moja. Kwa raia wa kawaida hilo lilikuwa jambo jema: unachoma mara moja, unaenda zako. Kwa aliyepandikizwa figo, sindano moja ndiyo kiwango kilekile ambacho Baltimore walishaona hakitoshi.

Waliopandikizwa figo miongoni mwetu wanaongezeka. Kwa miaka mingi walipelekwa India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikafanya upandikizaji wake wa kwanza ikishirikiana na madaktari wa Kihindi, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafanya wa kwake kwa msaada wa Wajapani. Kenya walitutangulia. Na huku kwetu figo hutoka kwa ndugu aliye hai: kaka, dada, mzazi, mtoto.

Jambo hilo la ndugu ndilo msingi wa hoja yangu, na sioni likizungumzwa vya kutosha. Kule Marekani au Ulaya, mgonjwa anayengoja figo ya marehemu anaweza kupigiwa simu saa nane usiku: njoo, figo imepatikana. Hakuna muda wa chanjo hapo. Kwetu upasuaji hupangwa. Kuna vipimo vya ndugu, vikao vya familia, kutafuta fedha, barua za bima, kamati ya hospitali. Ni miezi. Na miezi hiyo yote mgonjwa yuko kwenye kiti cha kusafisha damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, mkono umenyooshwa, muuguzi yuko pembeni na sindano. Ni mgonjwa gani mwingine aliye rahisi kupatikana kuliko huyu? Lakini mfumo wetu wa chanjo umejengwa kumzunguka mtoto na mjamzito. Mtu mzima hukutana na chanjo anaposafiri au mlipuko unapotokea. Kliniki ya chanjo ina kadi ya mtoto. Kitengo cha kusafisha damu kina jalada la shinikizo la damu, uzito na wingi wa damu. Sioni kwa nini jalada hilo lisiwe na ukurasa wa chanjo.

Chukua homa ya ini B. Kirusi hiki huenea kwa damu, na kitengo cha kusafisha damu ni mahali pa damu. Ndiyo sababu wenye kirusi hutengewa mashine. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu, hivyo mgonjwa wa miaka 40 au 55 huenda hajawahi kuipata. Kwa mtu mzima mwenye afya, dozi tatu huwakinga zaidi ya tisa kati ya kumi. Figo zikishashindwa, hata kabla ya dawa yoyote ya kushusha kinga, uwezo huo hushuka sana, maana uchafu unaobaki katika damu nao hudhoofisha chembe nyeupe. Hivyo mgonjwa wa kusafisha damu hupewa kipimo mara mbili ya kawaida, mikrogramu 40 badala ya 20, na kwa chanjo inayotumika sana huchomwa mara nne: siku ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa pili na wa sita. Mwezi mmoja au miwili baadaye hupimwa. Kingamwili zikifika uniti 10 kwa kipimo cha maabara, amekingwa. Zisipofika, mzunguko unarudiwa. Na anayeendelea kusafisha damu hupimwa tena kila mwaka, kwani kinga hiyo huyeyuka.

Hesabu miezi hiyo. Ratiba nzima ni miezi sita, na kurudia ni mingine. Anayeanza baada ya tarehe ya upasuaji kutangazwa ameshachelewa. Atakayefaidi zaidi ni yule anayeanza figo zikiwa zimeanza kuchoka lakini bado hajafika kwenye mashine. Chanjo ya nimonia na ya mafua nazo ziingie humo humo, angalau wiki mbili kabla ya upasuaji. Baada ya upandikizaji madaktari wengi husubiri kati ya miezi mitatu na sita kabla ya kuchoma chanjo zisizo hai, isipokuwa ya mafua, ambayo inaweza kuwahi kama msimu umechachamaa. Na kwa anayeogopa kwamba chanjo itaichokoza figo ikataliwe: tafiti zilizofuatilia jambo hilo hazikuona ushahidi wa namna hiyo.

Upande wa chanjo hai ndiko ambako mlango hufungwa kabisa. Surua, tetekuwanga, homa ya manjano, matone ya polio: hizi zina kirusi kilicho hai ila kimedhoofishwa. Mwili wenye kinga kamili hukimaliza. Mwili wenye takrolimasi na mikofenoleti unaweza kushindwa, na chanjo ikageuka kuwa ugonjwa. Zinapaswa kutolewa angalau wiki nne kabla ya upandikizaji, na kwa yule tu ambaye daktari ameridhika kuwa bado hatumii dawa za kushusha kinga, maana wapo wanaozimeza tangu kabla, wale ambao figo zao ziliharibiwa na ugonjwa wa lupasi kwa mfano.

Kwa msafiri hili si la nadharia. India huwadai kadi ya homa ya manjano wanaotoka nchi kama Kenya na Uganda, na asiyekuwa nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Fikiria Mkenya au Mganda aliyepandikizwa figo Delhi au Chennai, sasa anarudi kwa uchunguzi wa mwaka. Chanjo haruhusiwi, kadi hana. Kanuni za Afya za Kimataifa zinamruhusu daktari kuandika, kwa Kiingereza au Kifaransa, sababu za kitabibu za mgonjwa kutochomwa, na maofisa wa mpakani wanatakiwa kuizingatia barua hiyo. Kuizingatia, lakini, si kuahidiwa kupita, kwa hiyo ubalozi uulizwe kabla ya kulipia tiketi. Sasa mtazame mwenzake aliyechomwa mwezi mmoja na nusu kabla ya upasuaji. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni halali kwa maisha yote ya mwenyewe. Sindano moja, kwa wakati wake, na hatasumbuliwa tena uwanja wa ndege.

Wanaokwenda Hija wana nafuu kidogo: chanjo ya homa ya uti wa mgongo ambayo Saudi Arabia humdai kila hujaji si chanjo hai, hivyo haina hatari hiyo. Kama mwili utaiitikia vizuri ni swali jingine, ndiyo maana ni bora ichomwe mapema na barakoa isiachwe nyumbani.

Kisha kuna wanaokaa naye. Mgonjwa ambaye chanjo zake zimegoma analindwa na miili ya watu wa nyumba yake: mke, mume, watoto, dada wa kazi, yule ndugu aliyetoa figo. Wakichoma ya mafua na ya Uviko-19, ugonjwa hauingii mlangoni kirahisi. Watoto wapewe chanjo zao za surua bila wasiwasi. Linalohitaji akili ni choo cha mtoto mchanga. Mtoto aliyepewa matone ya polio, au chanjo ya kuhara ya rota, hutoa kirusi cha chanjo kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Bibi aliyepandikizwa figo, anayemlea mjukuu wa wiki sita aliyetoka kliniki asubuhi, asibadilishe nepi kwa angalau mwezi mmoja, na anawe mikono kwa sabuni kila ampakatapo. Familia imwambie muuguzi wa kliniki kuwa nyumbani kuna mtu wa namna hiyo, ili washauriane kuhusu polio ya sindano. Mtoto asinyimwe chanjo kwa sababu hiyo: polio halisi au surua halisi ikiingia nyumba hiyo, bibi ndiye wa kwanza kuumia.

Waliopandikizwa na kuchomwa wasidanganyike na karatasi ya maabara ya kulipia inayosema kingamwili zipo, wala wasikate tamaa ikisema hazipo. Kuna kinga ya seli T ambayo kipimo hicho hakiioni, na hakuna namba inayokubaliwa kuwa ukiifikia uko salama dhidi ya Uviko-19. Marekani walipata kwa muda sindano ya kingamwili zilizotengenezwa tayari kwa ajili ya watu hawa, Evusheld, iliyoruhusiwa Desemba 2021. Januari 2023 ikasitishwa kwa kuwa kirusi kilishabadilika kikaipita.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walio kwenye kiti wiki hii, na kwa ndugu wanaowasindikiza. Siku ya zamu yako, kabla mashine haijaunganishwa, muulize muuguzi mambo matatu: kipimo changu cha homa ya ini B kinasemaje, nimechomwa ya nimonia na ya mafua lini, na kama nitawahi kusafiri, ya homa ya manjano nichome sasa au haifai? Andika majibu na tarehe, mpelekee daktari wa upandikizaji. Wizara nayo iweke ukurasa huo kwenye majalada ya vitengo vyote vya kusafisha damu, vya serikali na vya binafsi, na bima zilipie sindano hizo kama zinavyolipia upasuaji. Chanjo hai zina mwisho wake: ukishavuka mlango wa chumba cha upasuaji na kuanza dawa, ni nadra kupata daktari wa figo atakayekubali uchomwe.